Mugasha ni nani hasa?

Mcheza gemu mzuri wa pale Bukoba Mjini atakutajia ukoo mzima wa Zeus bila kusita. Atakueleza Kratos wa God of War alimuua nani, kwa nini aliondoka Ugiriki akaenda kuishi kwa miungu ya kaskazini, na nani kati ya miungu hiyo anadanganya kuhusu asili yake. Sasa muulize Mugasha ni nani. Atakuambia ni jina la mtu, labda la mwalimu wake au la jirani. Na hajakosea. Akina Mugasha wapo wengi Kagera, wengine wamebatizwa, wengine wanaswali. Lakini kabla jina hilo halijaandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtu yeyote, lilikuwa la mwenye ziwa.

Nimekuwa nikimfuatilia Mugasha kwa muda sasa, kwenye vitabu na kwenye mazungumzo, na nimegundua jambo moja. Wanaopenda hadithi za miungu ya kubuni huvutiwa zaidi na yule mungu ambaye habari zake zimekuja vipande vipande: huku anaitwa hivi, kule vile, huyu anasema alikuwa mtu, yule anasema hakuwahi kuwa mtu. Watu hukesha wakibishana. Kumbe sisi watu wa Bukoba na Muleba tunaye wa namna hiyo hapa nyumbani, tena wa kweli, maana yake ni kwamba watu halisi waliishi, wakavua, wakaugua na wakafa huku wakimtaja.

Tuanze na yale ambayo hayana ubishi mkubwa. Kwa Wahaya wa zamani, juu kabisa yupo Ruhanga, muumbaji, ambaye akishaumba haingilii sana mambo ya kila siku. Shughuli za kila siku ziko mikononi mwa wengine. Wamara ni mkuu wa wafu na wa kuzimu. Irungu ni wa pori, wawindaji na wasafiri. Kazoba ni wa jua. Ryangombe ni wa ng'ombe. Mugasha ni wa maji: ziwa, mawimbi, upepo na dhoruba. Mvuvi akisukuma mtumbwi kutoka Bumbire au Goziba, anaingia katika eneo la Mugasha kama vile mwindaji anavyoingia katika eneo la Irungu. Wenye nguvu hawa wanahesabiwa katika kundi la Wachwezi, na waliowasemea, yaani watu waliopandwa na roho hizo, waliitwa embandwa.

Hapo ndipo makubaliano yanapoishia. Ukiuliza Mugasha alitoka wapi, unapata majibu matatu, na kila jibu linakupeleka mahali tofauti.

Jibu la kwanza linasema Mugasha alikuwa mtu, au angalau aliishi kama mtu, katika kundi la mfalme Wamara. Kisa chenyewe kinasimuliwa kwa namna nyingi, lakini uti wake wa mgongo ni huu. Wamara na wenzake, Mugasha akiwemo, walijikuta kuzimu, kwa bwana mmoja aitwaye Kintu. Kintu akawapokea vizuri, akawapa zawadi: ng'ombe, mbegu, mambo ambayo juu ya ardhi hayakuwepo. Akawaonya jambo moja tu, wasisahau kurudi kulipa. Wakapanda juu, wakatajirika, wakasahau. Kintu akamtuma Kifo kufuatilia deni. Mwishoni Wamara anampoteza ng'ombe aliyempenda kuliko wote, na kwa uchungu yeye na watu wake wanamfuata kuzimu. Tangu hapo hawaonekani tena kwa macho. Wanakuja kama upepo, kama ugonjwa, kama ndoto, kupitia vinywa vya embandwa.

Kisa hiki kinamtisha msomaji kuliko kinavyoonekana mwanzoni. Kifo hakiji duniani kwa sababu ya dhambi kubwa. Kinakuja kwa sababu ya deni lililosahauliwa na watu waliokuwa wanastarehe. Na angalia pia yule Kintu. Ukivuka mto Kagera kwenda Buganda, Kintu ni mtu wa kwanza, baba wa taifa. Huku kwetu ni bwana wa kuzimu anayedai chake. Jina ni lilelile, cheo kimegeuka juu chini. Ukiona hivyo usikimbilie kusema upande mmoja umekosea. Majina haya yalisafiri kwa mitumbwi na kwa miguu, na kila nchi ikayapa kazi iliyokuwa inahitaji.

Je, Wachwezi walikuwepo kweli? Wanahistoria wameligombania swali hili muda mrefu. Kundi moja liliwaona kama ukoo wa wafalme halisi waliotawala magharibi mwa Uganda kabla ya karne ya 16, likanyooshea kidole mahandaki makubwa ya Bigo, ambayo urefu wake unapita kilomita 10. Mwaka 1958 Christopher Wrigley akaandika makala kwenye Uganda Journal akipinga: hawa, alisema, ni miungu iliyovikwa nguo za wafalme, si wafalme waliogeuka miungu. Kwa Mugasha hoja ya Wrigley ina nguvu, maana ni vigumu kuchimba kaburi la dhoruba. Lakini subiri kidogo. Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda, ambaye kwa masimulizi ya kule ni ndugu wa mungu wa ziwa, mabaki yake yalihifadhiwa kwenye hekalu lake hadi yalipomfikia mmisionari John Roscoe, akayapeleka Cambridge. Yalipofunguliwa, ndani kulikuwa na taya la binadamu. Yalirudishwa Uganda mwaka 1962. Kwa hiyo angalau mmoja katika ukoo huo alikuwa na mifupa.

Wafalme wetu walilielewa vizuri jambo hili la ukoo. Wahinda, walioshika ufalme Karagwe, Ihangiro na kwingineko, wanamtaja Ruhinda kama mwanzilishi wao, na masimulizi yanamfanya Ruhinda kuwa mtoto wa Wamara aliyezaliwa na mtumishi aitwaye Njunaki. Tafakari siasa iliyomo humo. Mgeni anayetaka kutawala nchi yenye miungu yake anatafuta njia ya kuwa mtoto wa miungu hiyo, hata kama ni kwa mlango wa nyuma. Lakini embandwa hawakuwa watumishi wa ikulu. Iris Berger, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu dini na upinzani katika falme za ukanda huu, anaonyesha jinsi watu wa chini, na hasa wanawake, walivyopata sauti kupitia kupandwa na roho hizi. Mwanamke ambaye kwenye baraza asingepewa nafasi ya kukohoa, akisemewa na Mchwezi alisikilizwa na wanaume wenye mikuki. Mfalme alipaswa kuishi na hilo.

Jibu la pili linatutoa bara na kutupeleka visiwani. Linasema Mugasha hakuwahi kuwa mali ya Wahaya peke yao. Nyumba yake iko Ssese, upande wa Uganda, ambako Waganda wanamwita Mukasa na ambako hekalu lake kuu lilikuwa kisiwa cha Bubembe. Wazinza na Wakerewe nao wana jina la jamii hiyohiyo. Ukichora ramani ya jina hili, unapata duara linalofuata ufuko wa ziwa kutoka kusini hadi kaskazini. Halina mipaka ya kabila wala ya wilaya. Ni mungu wa watu wenye mitumbwi.

Tabia yake inabadilika kadiri unavyozunguka. Mukasa wa Buganda anaelezwa kama mpole: anatoa watoto, anaponya, anajaza nyavu, na hakudai damu ya binadamu. Mugasha wa upande wetu anatajwa zaidi kwa hasira. Ni yule anayeweza kuangusha migomba ya kibanja kizima kwa usiku mmoja. Nitarudi kwenye tofauti hii, maana nadhani ina sababu.

Kwanza hebu tumtazame alivyokuwa na nguvu, si hadithini bali kwenye historia iliyoandikwa kwa tarehe. Mwaka 1879 Kabaka Mutesa wa Kwanza alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Ikulu yake ilikuwa imejaa watu wa dini: Waislamu waliokuwepo tangu zamani, Waanglikana akina Alexander Mackay, na Wamisionari wa Afrika wa Kikatoliki waliofika mapema mwaka huohuo. Kila mmoja akivuta kwake. Mwezi Desemba habari zikaja kwamba Mukasa mwenyewe, kwa mwili wa mtu aliyemsemea, anatoka visiwani kuja kumponya mfalme. Mackay akapinga kwa nguvu zote, akimwambia Mutesa kwamba huyo ni mtu tu kama wengine. Mutesa akayumba. Machifu wakakaa barazani, na mwisho wakaona bora dini ya wazee kuliko ya Waarabu na ya wazungu. Mukasa akapokelewa.

Mutesa hakupona, alifariki mwaka 1884. Lakini usiangalie uponyaji peke yake. Mfalme mwenye jeshi na bunduki, aliyezungukwa na vitabu viwili vitakatifu, alipobanwa na maumivu alimwitia mwenye ziwa. Na tofauti na wageni wote pale barazani, Mukasa hakuwa ameomba ruhusa ya kukaa nchini. Yeye ndiye aliyekuwepo.

Upande wetu mambo yakafuata haraka. Emin Pasha akaweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Wamisionari wakaingia Kashozi mwaka 1892. Baada ya miaka 68 tu, mwaka 1960, mtoto wa nchi hii, Laurean Rugambwa, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa kardinali. Ni mwendo mkali huo. Katika mwendo huo Mugasha alipewa jina jipya. Aliitwa shetani.

Na hapa lugha yetu ya Kiswahili inastahili kuhojiwa. Mimi naandika kwa Kiswahili kila siku, ndiyo kazi yangu, lakini kila nikitaka kumweleza Mugasha kwa neno moja nakwama. Nimwite mungu? Neno hilo limeshikwa na Mungu mmoja, na ukiliandika kwa herufi ndogo linasomeka kama kejeli. Nimwite mzimu? Mzimu ni wa marehemu wa ukoo, na Mugasha si babu wa mtu. Jini? Jini ametoka pwani, ana desturi zake na Kiarabu chake. Pepo? Hilo linaeleza anapompanda mtu, halielezi anapotikisa ziwa. Shetani tulishasema. Neno lililo sahihi ni lile la wenyewe: Mchwezi. Ninashauri waandishi walichukue kama lilivyo, kama tulivyochukua maneno mengine mengi, kuliko kumbana mwenye ziwa kwenye kabati ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake. Hata ile lugha ya mkato ya mitandaoni, "Poseidon wa Afrika", inampunguza. Poseidon hana embandwa anayezungumza jikoni kwa mtu saa tano usiku.

Jibu la tatu halisimuliwi na wazee wala wanahistoria. Linatoka kwenye hali ya hewa, na mimi ndilo lililonifanya nimheshimu zaidi Mugasha. Mchana jua linapasha nchi kavu haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo unavuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku inageuka: nchi inapoa, maji yanabaki na joto, upepo unatoka pande zote za bara na kukutana katikati ya ziwa. Hewa yenye unyevu inapanda juu, mawingu yanajengeka, radi zinaanza, wakati mvuvi wa dagaa yuko huko na taa yake. Kisha upepo wa jumla unaovuma kutoka mashariki unasukuma dhoruba hizo kuja magharibi, yaani kwetu. Ndiyo maana Bukoba inapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi zikija alfajiri na asubuhi, wakati sehemu za Karagwe, ndani zaidi, zinapata karibu nusu ya hiyo.

Sasa rudi kwa wazee. Waliomfanya mwenye ziwa kuwa pia mwenye mvua na upepo walikuwa wanasema jambo la kweli kabisa. Mvua inayolisha mgomba wa Kamachumu au Maruku imetoka ziwani usiku huohuo. Na waliompa hasira zaidi upande wa magharibi kuliko kaskazini hawakuwa na tabia mbaya kuliko Waganda. Nadhani walikuwa wanakaa mahali dhoruba inapotua. Hii ni tafsiri yangu, lakini ramani ya mvua inaniunga mkono.

Je, masimulizi yanaweza kubeba ukweli kwa muda mrefu hivyo? Katuruka, kule Maruku, ni jibu. Wazee walikuwa wakisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe aliyejaribu kujenga mnara wa chuma ufike mbinguni, na wakauonyesha mti uitwao Kaiija, mahali pa kufulia chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alifika, akawasikiliza badala ya kuwacheka, akachimba pale walipomwonyesha. Chini yake akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya karne kadhaa kabla ya Kristo. Rugomora Mahe hakuishi zamani hivyo. Mfalme alikuja baadaye akapachikwa juu ya kumbukumbu kongwe ya mahali. Kumbukumbu yenyewe ilikuwa sahihi.

Lakini kumbukumbu inakaa kwenye miili ya watu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walitoka Kagera, mwaka 1983. Miaka iliyofuata, vibanja vilibaki na bibi na wajukuu. Tunahesabu wazazi waliopotea, na ni haki, ila pamoja nao waliondoka wale ambao kwa zamu ya kawaida wangekuwa wasimuliaji wa leo. Mathias Mulokozi aliziandikia tendi za nanga za Wahaya tasnifu ya udaktari pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1986. Fikiria angechelewa miaka 20.

Sasa kuna hatari ya kulikuza hili hadi likawa kisingizio, na mimi kama mwandishi wa habari siwezi kuiacha. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikachukua zaidi ya watu 800. Karibu kila familia ya Bukoba na Muleba ina jina moja la mtu aliyekuwemo. Mtu akikuambia ni ziwa tu limeamua, mkatalie. Mugasha hakuuza tiketi, wala hakupakia ndizi. Meli ilizidishwa, na watu waliijaza. Wazee wenyewe wasingekubali tafsiri ya kivivu kiasi hicho, maana kisa cha Wamara kinafundisha kwamba maafa yana deni nyuma yake na deni lina mdaiwa mwenye jina.

Faida ya kumjua Mugasha ni nyingine. Inahusu namna ya kukaa karibu na kitu kikubwa kuliko wewe. Mwingereza Speke alilifikia ziwa mwaka 1858 akalipa jina la malkia wake, Victoria, na hadi leo tunaliandika hivyo kwenye vitabu vya shule. Waganda wanaliita Nalubaale, jina lenye miungu ndani yake. Wahaya wanaliita Lweru, na Waanglikana wa Muleba, kwa heri yao, wameipa dayosisi yao jina hilo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka majini karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, waliowahi mwanzo walikuwa wavuvi kwenye mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai, 19 wakafa. Wavuvi wale hawakuhitaji kuelezwa ziwa ni kitu gani.

Kwa hiyo, wewe unayeandika riwaya, au unayejifunza kutengeneza gemu na unatafuta mungu asiyeeleweka, huna haja ya kubuni. Nenda Ihangiro, nenda Kiziba, nenda visiwani Bumbire na Ikuza. Msalimie mzee kwanza, kaa chini, usiulize Mugasha siku ya kwanza. Akikusimulia, andika jina la kijiji na tarehe, na andika kama alivyosema, hata pale anapopingana na mzee wa jana. Usiwapatanishe. Yule aliyemjua kama mtu wa Wamara, yule aliyemjua kama mgeni wa Ssese, na yule aliyemjua kama upepo wa alfajiri uliolaza migomba, wote walikuwa wanazungumza habari za maji yaleyale.